AC ya gari haipozi: uongeze gesi au usafishe kondensa?

Wengi hukimbilia gesi. Kabla ya kulipia, liache gari likiunguruma limesimama, AC ikiwa imewashwa, kisha uendeshe. Likitoa baridi barabarani lakini joto kwenye foleni, mara nyingi kondensa (sehemu inayotoa nje joto la gesi ya AC) haipati hewa ya kutosha: feni imekufa au inazunguka polepole, au vumbi na wadudu wameziba vile vibati vyake vyembamba mbele ya rejeta. Zima injini, isubiri ipoe, uoshe kwa maji ya presha ndogo, ikiwezekana kutoka upande wa injini kwenda nje. Presha kubwa hulaza vibati, na hapo umeharibu zaidi.

Gesi ni habari nyingine. Ikipungua, ubaridi hafifu huwapo hata ukiwa mwendoni, na kompresa nyingi (pampu inayosukuma gesi ya AC) husikika zikijiwasha na kuzima kila baada ya sekunde chache. Ila gesi hailiwi kama petroli; ikipungua sana, imevuja. Tafuta alama ya mafuta yaliyoshika vumbi kwenye maungio ya mabomba, ukipaona pazibwe kwanza. Kisha fundi anyonye hewa na unyevu kwa pampu, kama dakika 30, ajaze kwa mizani, gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Kujaza kwa kukisia ni kosa baya: gesi ikizidi, presha hupanda na baridi hupungua.

Mimi ningeanza na kondensa. Na kama upepo wenyewe ndio hafifu, badilisha chujio la hewa inayoingia ndani ya gari.