Kampuni ya dawa ilipulizia kumbikumbi, mchwa wakabaki wanakula mlango

Bado nina hasira. Vuli hii, jioni moja baada ya mvua, kumbikumbi walitoka kwenye fremu ya mlango wa chumba cha mama. Hawakuingia kwa kufuata taa, walitoka humohumo kwenye mbao. Asubuhi mbawa zimejaa chini ya dirisha kama maganda ya kitunguu. Nikabonyeza fremu, kidole kikazama. Nyuma ya rangi mulikuwa na udongo mtupu.

Nikaita kampuni ya kupiga dawa. Akaja kijana, bomba mgongoni, hata shikamoo hakuna. Mama akamwambia, "Mwanangu, mchwa wako humu ndani." Akajibu bila kumtazama: "Bibi, hao ni sisimizi wenye mbawa. Tuache tufanye kazi."

Mama yangu aliyekulia Usukumani, akitega kumbikumbi kwa beseni la maji chini ya taa! Akaokota mmoja, akamwekea kiganjani. Kiuno hakijabanwa, mbawa zote nne zinalingana. Sisimizi kiuno chake ni chembamba kama uzi, na mbawa za mbele zinazidi za nyuma. Kijana akakung'uta mkono, akapulizia dirisha, akataka hela yake. Nje watoto wa jirani wanaokota wa kukaanga, wala hakuwaambia kwamba waliopigwa dawa hawaliwi. Nilikimbia mimi kuwaambia.

Wale wa dirishani wangekufa wenyewe. Kumbikumbi ni mchwa wenye mbawa tu; wanaokula mbao ni wenzao weupe wasio na mbawa, na kiota chao kiko ardhini. Haikupita muda, njia ya udongo ikapanda ukutani, nene kama penseli.

Nilikuwa naandika msiwaite kabisa. Lakini nilipolalamika walimleta mzee mmoja. Akamsalimia mama, akaivunja ile njia, akatuonyesha mchwa wanavyohangaika, kisha akatoboa sakafu kufuata ukuta na kumimina dawa chini. Tangu hapo kimya. Mzee yule kazi anaijua, nikasema basi, yameisha, nitawasifia.

Halafu ofisi ikaniletea bili ya pili. Nilipe tena kwa kosa la kijana wao? Hapana, siwasifii. Mkilazimika kuwaita, mkatalieni anayekuja na bomba la mgongoni tu, mwombeni mzee. Fremu nimebadilisha kwa hela yangu, na mama hajaombwa radhi mpaka leo.