Passo cc 990 kwa mtu anayeishi peke yake: uzoefu wangu wa Goba hadi Mikocheni

Kabla sijanunua Toyota Passo niliambiwa mambo mawili: kwamba ni bebi woka, yaani kigari cha kitoto, na kwamba ni gari la akina dada. Sikuona lolote kati ya hayo linahusiana vipi na foleni ya Makongo. Mimi ni mwanaume, naishi peke yangu Goba, hapa Dar es Salaam, kazi iko Mikocheni, na siku nyingi gari linanibeba mimi, begi la kompyuta na chupa ya maji. Nilitafuta chombo cha kazi hiyo, si gari la kwenda nalo msibani Tanga mara moja kwa mwaka. Msibani tunachangishana, tunakodi Coaster.

Pikipiki niliifikiria kwa dhati. Boxer inapenya foleni na mafuta yake ni ya kuchekea, lakini masika ya Machi hadi Mei yangenifikisha ofisini nimelowa mpaka soksi. Mwendokasi haupiti njia yangu. Daladala ni mbili kwenda na mbili kurudi, halafu bajaji ya kumalizia huko ndani. Ikabaki gari, na ukitaja gari dogo Dar kila mtu anakutajia Toyota IST. Sibishi, IST ni gari zuri, iwe ya cc 1290 au 1490, na spea zake ziko kila kona. Ila kwa pesa ya IST iliyotunzwa nilipata Passo nikabakiwa na hela ya matairi, bima na sevisi ya kwanza. Bima ndogo peke yake, ile ya mtu wa tatu, ilikuwa shilingi 118,000.

Kuagiza Japani nako nilikupigia hesabu kwenye kikokotoo cha mamlaka ya mapato, TRA. Gari lisilozidi cc 1000 linasamehewa ushuru wa bidhaa unaoangalia ukubwa wa injini, wakati la kuanzia hapo hadi cc 2000 linalipa asilimia 5. Utamu huo unaishia kwenye umri: gari lililopita miaka 10 linaongezewa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Mimi nilitaka Passo ya umbo la kwanza, lile lililoanza kutoka 2004, kwa hiyo kuagiza kulikuwa kuitajirisha bandari. Nikanunua mkononi, gari lililokwisha kusajiliwa hapa kwa namba za herufi D, tukabadilisha kadi nikaondoka nayo.

Sasa barabarani. Injini ni ya pistoni tatu, 1KR, na gari zima lina kilo 900 hivi. Kwenye tambarare huoni tatizo lolote, inachomoka kwenye mataa vizuri tu. Kupanda Makongo Juu ukiwa peke yako, inapanda. Ukipakia watu wazima wanne na AC imewashwa, utaisikia inalalamika na utalazimika kuchagua kati ya ubaridi na mwendo. Mimi napakia watu wanne kwa nadra sana, kwa hiyo lalamiko hilo nimelisamehe. Anayebeba familia kila siku asinisikilize, achukue ya cc 1300 au hiyo IST.

Mafuta ndiyo yaliyonileta na ndiyo yaliyoniweka. Vipimo vya Kijapani vinaipa zaidi ya kilomita 20 kwa lita; hivyo ni vya Japani. Kwa foleni yetu, AC ikiwaka asubuhi na jioni, mimi napata 13, nikienda Bagamoyo Jumapili inapita 16. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, wanapotangaza bei za mafuta, wenzangu wenye Forester wananuna mpaka mchana. Mimi nasoma, napita.

Kuna jambo dogo ambalo wauzaji hawalitaji, nalo limenifurahisha kuliko yote. Gia ya Passo hii iko kwenye usukani, na ya kwangu viti vya mbele vimeungana kama kochi. Ukibanwa na gari la jirani mlangoni unasogea tu, unatokea upande wa abiria. Urefu wake ni mita 3.6 hivi, na inakata kona hadi watu wanashangaa. Pale wengine wanapozunguka jengo kutafuta maegesho, mimi nimeshapanda ngazi.

Buti ni dogo. Nasema dogo kweli: mabegi mawili ya safari na limejaa. Ukilaza viti vya nyuma gunia la mchele linaingia bila ugomvi, na mtu anayeishi peke yake hana wa kumkalisha huko nyuma. Redio ya Kijapani nayo inaishia 90 FM, kwa hiyo stesheni za 100 na kitu utazisikia kwa majirani mpaka ununue kile kifaa cha kupanua masafa, au ubadilishe redio kabisa. Na gari lenyewe liko chini. Barabara za mitaa ya Goba mvua ikishazichimba, utajifunza kupita upande upande na kumwachia mwenye Noah atangulie.

Spea hazijanisumbua. Daihatsu Boon ni gari hilohilo lenye nembo nyingine, hivyo ukikosa cha Passo Kariakoo, uliza cha Boon. Injini inatumia cheni, si mkanda, kwa hiyo fundi akikuambia umefika wakati wa kubadili taimingi belti, chukua funguo zako uondoke. Mimi mmoja aliniambia hivyo kwa uso mkavu kabisa. Oili inachukua kama lita 3. Usiache kupima kijiti, maana injini hizi zikizeeka huanza kula oili kimyakimya bila moshi wa kukushtua.

Ukienda kukagua ya kununua, soma kadi kwanza. KGC10 ni cc 990 ya tairi za mbele, KGC15 ni cc hiyohiyo lakini inavuta tairi zote nne, nzito zaidi na ina vitu vingi vya kuharibika chini, na kwa lami ya mjini haikusaidii chochote. QNC10 ni ya cc 1300. Kisha mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Iwashe mwenyewe ikiwa ya baridi, weka D, kanyaga breki, washa AC. Mtetemo kidogo ni wa pistoni tatu, ni kawaida yake. Usukani ukicheza mpaka kioo cha ndani kinatikisika, mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini, zimekwisha, na hiyo ni laki kadhaa ya kupunguza kwenye bei kabla hamjapeana mikono.