Kubeba ni Hilux, kuvuta ni Silverado: uzoefu wangu hapa Oman

Kama unataka pikapu na mzigo wako unapakiwa mgongoni mwa gari, nunua Hilux ya Toyota. Kama mzigo wako una matairi yake na unafungwa nyuma kwa ndoana, nunua pikapu ya Kimarekani kama Silverado. Nimeziendesha zote mbili kwa kazi, na hilo ndilo jibu ninalompa kila anayeniuliza.

Yangu ni Hilux dabo kebini (milango minne), foo-wili (matairi yote manne yanasukuma), petroli, injini ya lita 2.7 yenye silinda 4. Inahudumia shamba letu la mitende huko Sharqiya, mashariki mwa Oman: viroba vya mbolea, mipira ya maji, majani ya mbuzi, na msimu wa tende ukifika ni makreti mpaka juu. Ya kaka yangu ni Chevrolet Silverado, V8 (silinda 8) ya lita 5.3. Ananikabidhi funguo kila boti yake inapokwenda au kutoka majini kule Seeb, pwani ya Muscat, maana mgongo wake haumruhusu tena kuhangaika na tela.

Watu wakiiona Silverado imesimama ubavuni mwa Hilux hudhani inabeba mara mbili. Sivyo kabisa. Kwa urefu inakaribia mita 5.9 na kwa upana inapita mita 2 hata kabla hujahesabu vioo. Hilux ina mita 5.3 na ushei, na upana wake haufiki 1.9. Lakini ukisoma uzito ambao watengenezaji wenyewe wanaruhusu upakie, zote mbili zinacheza hapo hapo chini ya tani moja au karibu yake, kutegemea toleo. Ule ukubwa wa Mmarekani umeliwa na kebini pana, injini nzito na springi laini za kumstarehesha dereva. Unachokipata kwa kweli ni nafasi: ubao wa plaiwudi wa futi 4 kwa 8 unalala chini baina ya matairi, wakati kwenye Hilux inabidi uuegemeze juu ya vifuniko vya matairi na kuufunga kamba vizuri.

Halafu kuna njia za vijijini. Ya kwetu ya kuingilia shambani inapita baina ya kuta mbili za udongo, na upande mmoja unapita falaj, yaani mfereji wa maji ya kumwagilia. Nikiwa na Hilux nakunja kioo cha pembeni, natoa kichwa dirishani, naangalia tairi la nyuma likipita ukingoni mwa falaj, limebakisha upana wa kiganja tu. Naingia na mzigo mpaka kwenye shina la mtende. Silverado naiacha barabarani chini ya mkunazi, tunashusha kila kitu na kukisukuma kwa toroli. Ami yangu, ambaye ndiye mwenye shamba, alishasema ile gari asiione tena karibu na ukuta wake, na ana haki.

Kwenye mchanga wa Bidiya pia naitaka Hilux. Ni nyepesi kwa mamia ya kilo. Ukipunguza upepo kwenye tairi na kuiendesha kwa utulivu, inaelea. Silverado ina nguvu ya kujitoa, lakini ikishazama, kazi ya koleo ni kubwa, na ile plastiki ya chini ya bampa la mbele, iliyowekwa kupunguza upepo barabarani, inakwangua kila tuta.

Sasa njooni Seeb, hapo ndipo Silverado inaponinyamazisha. Boti ya fiba yenye mashine mbili, tela limelowa, matairi ya nyuma ya gari yapo kwenye zege lenye utelezi wa mwani. Naweka foo-wili ya chini (gia za nguvu za mwendo wa polepole), naachia breki taratibu, na gari inaondoka bila kelele wala kutetemeka, kama haijafungwa kitu. Nguvu ya kukokota ya ile V8 ni kama nyutoni mita 519, ya Hilux yangu ni 245. Nguvu za farasi ni 355 kwa 164. Lakini si injini peke yake: urefu na uzito wa gari ndivyo vinavyoifanya boti isiiyumbishe kwenye barabara kuu pale lori linapokupita. Nikivuta kwa Hilux, boti ndiyo inayoniendesha mimi. Kwa kazi hii sibishani na mtu.

Kupanda mlima wa Jebel Akhdar ni hivyo hivyo. Pale Birkat al-Mawz, chini ya mlima, polisi hawamruhusu mtu kupita bila foo-wili, kwa hiyo zote mbili zinaruhusiwa, ila Hilux ya 2.7 ikiwa na abiria, mzigo na kiyoyozi kimewashwa, inabidi uikanyage hasa na gia zinarudi chini mara kwa mara. Silverado inapanda huku watu wamelala. Kushuka, katika gari yoyote, tumia gia ndogo. Zile njia za dharura za changarawe, za kusimamisha gari iliyokatika breki, hazikuchongwa kwa mapambo.

Mafuta hapa hayatutishi sana. Mwaka 2021 bei ilizuiwa isipande, M91 (petroli ya kawaida) ikiwa baisa 229 kwa lita (baisa 1,000 ni rial moja), na zote mbili zinatumia hiyo. Kwa bei hiyo, kujaza tangi la Silverado la lita 91 ni chini kidogo ya rial 21, Hilux la lita 80 ni rial 18 na ushei. Tofauti ni kwamba la Silverado linakauka mapema.

Vipuri ndivyo vya kuangalia. Filta, pedi za breki, bushi za Hilux nazipata sanaiya (mtaa wa magereji) ya Ibra asubuhi, mchana niko shambani. Vya Mmarekani vya kawaida vipo Wadi Kabir, Muscat. Vikiwa adimu, mara nyingi fundi anaagiza Sharjah, kule Emirates, nawe unasubiri.

Na msidanganywe na utaifa. Angalia namba ya chesisi: Silverado ikianza na 3 imeundwa Mexico, na Hilux ikianza na MR0 imetoka Thailand. Wamarekani wenyewe hawauziwi Hilux. Mwaka 1964 kule waliwekea pikapu za kigeni ushuru wa asilimia 25, na tangu 1995 Toyota inawauzia Tacoma badala yake.

Ndugu wa Unguja mnaoniomba niwatumie gari: za huku usukani uko kushoto, na kwenu mnaendesha kushoto mwa barabara. Tafuteni Hilux ya usukani wa kulia huko huko. Mimi nikibadilisha, nachukua Hilux tena, ila safari hii V6 ya lita 4.0 kwa ajili ya mlima, na boti nitaendelea kuivuta kwa gari ya kaka.