Kitasa cha gari kikigoma Malindi: dawa ipi ununue kwanza

Magari mengi ya hapa Malindi yametoka Japani yakiwa yametumika, na mwenye gari huzoea rimoti hadi akasahau kwamba mlango wa dereva una tundu la ufunguo. Tundu hilo hukaa miaka bila kuguswa, huku upepo wa kusi ukilitia chumvi na mchanga laini. Betri ya gari ikifa ndipo unalikumbuka. Mimi nililikumbuka saa saba ya mchana, nimeegesha karibu na ufuo wa Silversands, ufunguo umeingia na hauzunguki kulia wala kushoto. Neno la kwanza la fundi aliyekuja lilikuwa, "Kaka, usiulazimishe. Ukikukatikia humo, kazi yake ni nyingine kabisa."

Tangu siku hiyo nimejaribu karibu kila kitu kinachouzwa kwa kazi hii.

Ya kwanza kwangu ni sprei kavu ya PTFE, kitu kilekile tunachokijua kwa jina la Teflon kwenye vikaango visivyoshika chakula. Hutoka mkebeni ikiwa majimaji, kisha huruka na kuacha utando mwembamba mkavu. Kwa mji wa mchanga kama huu, ukavu huo ndio unaoulipia, maana vumbi halipati pa kunata. Bei yake imechangamka, lakini mkebe mmoja hudumu sana. Soma maandishi kabla ya kulipa. Kama hawakuandika PTFE na kwamba hukauka, rudisha rafuni.

Ya pili ni WD-40 ya kawaida. Wengi wangeiweka juu, nami naelewa kwa nini. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Hiyo 40 ni jaribio la arobaini. Kitasa kikishakwama, naanza nayo: puliza kidogo kwa ule mrija, ngoja dakika chache, ingiza na kutoa ufunguo taratibu, ufute, rudia. Ubaya wake ni mafuta mepesi inayoyaacha, ambayo hukusanya vumbi na kukurudisha ulikotoka. Kitasa kikiachia, kiache kikauke, kisha malizia na ile kavu.

Unga wa grafaiti ningeupandisha kama ningekaa bara. Huku pwani, grafaiti ikikutana na unyevu wa chumvi huharakisha kuliwa kwa zinki na alumini, na silinda za vitasa vya magari mara nyingi ni za aloi ya zinki. Tena ukiuchanganya na mafuta unapata uji mweusi.

Silikoni inunulie mipira ya mlango. Mafuta ya cherehani ni rahisi na yatakuvusha leo, basi.

Mafuta ya nazi, tafadhali, yaacheni jikoni. Kila aliyelelewa huku ameyaona yakiganda chupani asubuhi za baridi ya kusi, kwa sababu huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Wenzetu wa Ulaya vitasa vyao hugandishwa na barafu. Sisi tusijigandishie wenyewe.

Kabla hujanunua chochote, jaribu ufunguo wa akiba, kwani ulio mfukoni huenda umelika meno. Na kama ufunguo unazunguka vizuri lakini mlango haufunguki, silinda haina kosa: tazama komeo lililo ndani ya mlango, au waya unaolivuta. Komeo hilo ndilo mahali pa grisi nyeupe ya lithiamu, si tundu la ufunguo.

Mkebe ukae nyumbani, kivulini. Mingi imeandikwa isipate joto la zaidi ya nyuzi 50, na gari lililofungwa juani hapa linaweza kupita hapo. Halafu siku kitasa kitakapogoma, mkebe ukiwa umefungiwa ndani ya gari utakusaidiaje?