Mark II yenye injini kubwa: nunua nini kwanza ili ishike breki na itulie barabarani

Vijana wengi wa Dodoma wenye Mark II ya GX100, Chaser au Altezza huanza na injini. Inatolewa 1G ya cc 2000, inafungwa 1JZ yenye tabo (turbo), halafu gari inabaki na breki na shokapu zilizokuja nayo kutoka Japani. Hesabu yake inatisha. Kwenye spidi 120 gari hubeba nguvu ya mwendo mara mbili na robo ya ile ya spidi 80, na yote lazima iishie kuwa joto kabla hujayafikia matuta ya Kibaigwa. Kwa hiyo pesa yako ipange hivi.

Namba moja ni tairi, na hapa sibishani na mtu. Breki husimamisha gurudumu. Kinachosimamisha gari ni tairi. Ukikanyaga mpaka ABS (mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge) ikatetema, ujue breki zako tayari zina nguvu kuliko uwezo wa tairi kushika lami, na kaliipa kubwa (vinavyobana pedi kwenye diski) hazitakufupishia hata mita moja. Chukua nne mpya za aina moja, hata kama jina si kubwa, uachane na za mtumba zinazokuvutia kwa kashata (meno ya tairi) nene. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokaa miaka mingi juani hukakamaa, na mvua za kwanza za Desemba zikikutana na vumbi na oili barabarani, tairi ya namna hiyo huteleza tu. Upepo pima asubuhi gari ikiwa haijatembea, ufuate kipimo kilichobandikwa mlangoni kwa dereva.

Namba mbili ni mafuta ya breki, pedi na mipira ya breki. Ni bei ndogo kuliko vyote hapa, na ndivyo vinavyosahaulika zaidi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3, ambayo hapa ni daraja la mafuta na si alama ya tairi, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205, lakini ikishaingia maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Sasa fikiria unashuka mlima wa Nyang'oro ukitoka Iringa, mguu hautoki kwenye breki. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, pedali inazama hadi chini. Weka DOT 4, badilisha kila baada ya miaka 2, na usiichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Pedi za mashindano ziache, zinataka kupashwa joto kwanza ndipo zishike.

Namba tatu ni bushi, boljointi na tairodi, yaani viungio vinavyoshika magurudumu. Mtu analalamika gari inayumba, anakimbilia springi fupi, kumbe bushi za mkono zimekufa zamani. Fundi anyanyue gari, atikise kila gurudumu mbele yako. Alaimenti ifanyike baada ya kufunga kila kitu, la sivyo utailipia mara mbili.

Shokapu zinafuata. Nunua jozi, mpya za kawaida nazipendelea kuliko za kushusha gari zilizotumika ambazo zimeshaanza kuvuja. Na springi usikate. Njia za vumbi za Nkuhungu zitaipiga gari chini, na kwenye kona springi iliyokatwa inaweza kuchomoka mahali pake.

Kaliipa kubwa, kama za Tourer V (Mark II na Chaser za tabo), nazipa nafasi ya tano. Faida yake ni kuhimili joto unapofunga breki mara nyingi mfululizo. Kabla hujalipa, jaribisha rimu zako: za inchi 14 au 15 huenda zikagusa. Muulize fundi pia kama masta silinda (pampu kuu ya breki) yako inazitosha, maana ikiwa ndogo pedali itakwenda mbali.

Diski zenye matundu nimeziweka mwisho kabisa. Hazifupishi umbali wa kusimama, na zile za bei rahisi hupasuka kuanzia kwenye tundu.