Sahani tatu za mabawa ya kuku kwenye tamasha la chakula: ipi inastahili foleni?

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo tuko kwenye tamasha la chakula, na mezani kuna sahani tatu za mabawa ya kuku. Ya kwanza yamekaangwa yakachanganywa na sosi ya pilipili na siagi. Ya pili yamebanikwa kwenye mkaa na kupakwa sosi ya asali. Ya tatu yamekaangwa makavu, chumvi na pilipili manga basi, sosi iko pembeni kwenye kikombe. Nitawaambia ipi ya kuagiza na ipi ya kuiacha. Na mkisikia jambo moja tu leo, lisikieni hili: bawa la tamasha mara nyingi haliharibiwi na viungo, linaharibiwa na mvuke.

Kamera isogee hapa kidogo. Sahani ya kwanza imekuja kwenye boksi lenye mfuniko. Nafungua. Mnayaona hayo matone chini ya mfuniko? Maji hayo yametoka kwenye nyama yenyewe. Bawa likiopolewa kwenye mafuta bado linafuka kwa dakika kadhaa. Ukilifunika, mvuke unagonga mfuniko, unakuwa maji, yanadondokea ngozi. Dakika tano tu, ngozi iliyokuwa ikilia ukiiuma inakuwa laini, inavutika kama mpira. Kwa hiyo mwambie muuzaji kabla hajafunga: "Niachie wazi, tafadhali." Ukisubiri akufungie ndipo ufungue mezani, umeshachelewa.

Sosi yenyewe sasa. Mabawa ya mtindo huu yalipata jina kutoka mji wa Buffalo, jimbo la New York, Marekani, na sifa huenda kwa Teressa Bellissimo wa Anchor Bar, mwaka 1964. Sosi ni vitu viwili tu: sosi ya pilipili yenye siki, na siagi. Sehemu mbili za pilipili kwa sehemu moja ya siagi ukitaka ikuchangamshe, nusu kwa nusu ukitaka ya upole. Kilo moja ya mabawa inatosheka na mililita 120 hadi 150. Siagi iyeyuke kwenye moto mdogo huku ukikoroga, isichemke. Ikichemka, mafuta yanajitenga, na hicho ndicho kilichotokea hapa: nikiinamisha boksi mnaona mafuta ya njano yakikimbia peke yake na maji mekundu yamebaki kwenye kona. Sosi ya namna hii haishiki kwenye ngozi. Bawa la juu linakuwa halina ladha, la chini limezama. Ladha si mbaya, siki imekaa vizuri, lakini kuchanganya kumefanyika mapema mno. Mabawa yachanganywe na sosi pale mteja anaponyoosha mkono, si robo saa kabla.

Tuje kwenye mkaa. Harufu yake inavutia, lazima niseme, na hapa ndipo watu wengi hupanga foleni kwa kufuata pua. Tatizo ni sukari. Asali huanza kuungua haraka, wakati bawa bado linahitaji muda mrefu juu ya jiko. Mbanikaji mzuri huweka mkaa upande mmoja wa jiko, mabawa huanzia upande usio na mkaa, jiko limefunikwa, kama dakika 25 hadi 30. Kisha huhamishiwa juu ya makaa ngozi ikauke na kupata rangi, na sosi hupakwa dakika tano za mwisho, mkono mwepesi, mara mbili. Foleni ikiwa ndefu, mabanda mengi huruka hatua ya kwanza. Mabawa yanawekwa moja kwa moja juu ya makaa yakiwa tayari yamepakwa asali. Tazama hili: madoa meusi, ukilamba kuna uchungu wa sukari iliyoungua, na nikilikunja kwenye kiungo halifunguki kirahisi. Bawa lililoiva vizuri, kiungo chake huachia bila ugomvi.

Na hapa nisimame kidogo, maana watu huchanganya mambo. Wekundu karibu na mfupa peke yake hauthibitishi kwamba kuku ni mbichi. Kuku wachanga mifupa yao ina matundu, na rangi ya uboho hupenya hadi kwenye nyama hata ikiwa imeiva. Kinachothibitisha ni kipimajoto: kichomeke kwenye sehemu nene bila kugusa mfupa, kisome angalau nyuzi 74 za Selsiasi. Hiyo ni ya usalama. Kwa utamu, bawa linataka kufika 85 hadi 90, kwa sababu lina ngozi na kano nyingi, na hizo zinahitaji joto na muda zilainike. Kidari ukikifikisha hapo kinakauka, bawa linazidi kuwa laini. Kama huna kipimajoto na nyama karibu na kiungo ni ya kuteleza na kung'aa kama mbichi, irudishe. Usione haya.

Ukiwa kwenye foleni, tazama koleo. Koleo lililoshika kuku mbichi likishika na aliyeiva, toka kwenye foleni hiyo hata kama umebakiza mtu mmoja mbele yako. Tazama pia mafuta: yakiwa meusi, yanatoa povu lisiloisha na kufuka moshi, yamechoka, na uchovu huo utauonja.

Sahani ya tatu. Sikilizeni kwanza... mmesikia huo mlio? Hawa wanakaanga mara mbili. Mara ya kwanza mafuta yako kama nyuzi 140, dakika nane hadi kumi, nyama inaiva na mafuta ya ngozini yanayeyuka. Yanatolewa, yanapumzishwa kwenye wavu, mvuke unaenda zake. Mteja akiagiza, yanarudi kwenye mafuta ya nyuzi 190 kwa dakika mbili au tatu. Ndiyo maana hata foleni ikijaa ubora haushuki sana: kazi ndefu imeshafanyika, na mzigo wa mwisho ni mdogo. Banda linalokaanga mara moja, likijaza karai mabawa ya baridi, mafuta yanapoa ghafla na ngozi inayanywa badala ya kukauka. Kasoro ya sahani hii ni chumvi, imenyunyizwa juu tu, haijaingia ndani. Gramu 10 hadi 12 kwa kilo, ikipakwa usiku uliotangulia na mabawa yakaachwa wazi kwenye friji, ingekolea na ngozi ingekauka zaidi. Hata hivyo ndiyo ninayoichagua, tena bila kusita. Agizeni hii, sosi pembeni, muile hapo hapo mkiwa mmesimama.

Pilipili ikikuzidi, acha maji. Ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji, unasambaa tu mdomoni. Kunywa maziwa au mtindi. Na mabawa yakibaki, yasikae nje zaidi ya saa mbili, au saa moja kama jua ni kali.

La mwisho, kipande bapa, kile cha katikati chenye mifupa miwili. Wengi hukitafuna ovyo na kuacha nusu ya nyama, na mimi nakiona kitamu kuliko kile chenye umbo la paja dogo, kwa kuwa ngozi yake ni nyingi kulingana na nyama. Kishike wima, ncha moja ikae chini kwenye sahani. Bonyeza nyama ishuke kidogo hadi vichwa vya mifupa vitokeze. Shika mfupa mwembamba, uzungushe taratibu kama unayefungua kizibo, uvute. Umetoka. Sasa ule mnene, vivyo hivyo. Mnaona? Kimebaki nyama na ngozi tupu. Kichovye kwenye sosi sasa hivi, kingali kinalia.