Unanunua Katiba? Fungua Ibara ya 18 kwanza

Kwa wauza vitabu wa Posta na Kariakoo, Katiba ya Jamhuri ya Muungano ni kitabu cha kila siku. Kwa nje nakala zinafanana, ila ndani hazifanani, na anayeumia ni mnunuzi anayekwenda kudai haki yake kwa maneno yaliyokwisha kufutwa.

Kabla hujatoa hela fungua Ibara ya 18. Ikianza na "Bila ya kuathiri sheria za nchi", irudishe. Hayo ni maandishi ya kabla ya mabadiliko ya 2005, na maneno hayo sita yaliubana uhuru wa maoni hadi ukawa mdogo kuliko sheria yoyote ya kawaida. Toleo la sasa linaanza na "Kila mtu", kisha vipengele (a) hadi (d): maoni, habari, mawasiliano yasiyoingiliwa, na taarifa za matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Ukaguzi wote ni nusu dakika.

Kosa la pili ni kubeba Katiba Inayopendekezwa. Hiyo ilipitishwa na Bunge Maalum mwaka 2014, lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa, kwa hiyo si sheria. Soma gamba vizuri: unachotaka ni Katiba ya mwaka 1977.

Nakala za fotokopi zina bei nafuu na hatuzipendekezi. Mashine hukata ukingo wa ukurasa, na humo pembeni ndimo mnamoandikwa kila ibara ilibadilishwa na sheria ipi, ya mwaka gani. Bila ukingo huo huwezi kujua unasoma maandishi ya lini. Nakala ya Mpigachapa Mkuu wa Serikali ndiyo ya kuaminika.

Tukija kwenye yaliyomo, moyo wa kitabu ni ibara ya 12 hadi ya 32. Katiba ya 1977 ilianza bila orodha hii ya haki. Iliingizwa kwa mabadiliko ya 1984, na mahakama zikaruhusiwa kuisimamia kuanzia 1988 tu. Hapa maandishi ni mazuri kwelikweli. Ibara ya 15 haiishii kusema mtu ni huru: inapiga marufuku kumkamata au kumfungia isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria, au katika kutekeleza hukumu au amri ya mahakama. Ndiyo maana swali la kwanza kwa anayekukamata ni "kwa sheria ipi?" Isome pamoja na Ibara ya 30, inayokataza kuutumia uhuru wako kwa namna inayokatiza uhuru wa mwenzako au maslahi ya umma. Wengi huikariri ya 15 na kuiruka ya 30, halafu wanashangaa hoja yao inapoangushwa. Na ni humo humo kwenye ya 30, ibara ndogo ya (3), ndimo unamopewa njia ya kwenda Mahakama Kuu.

Kasoro zipo. Hakuna faharasa ya maneno, kwa hiyo anayetafuta "dini" au "faragha" lazima ajue namba (19 na 16). Kubwa zaidi, kitabu hakikuelezi utaratibu. Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba, lakini mashauri ya haki za msingi yanafuata Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu (Sura ya 3 ya Sheria za Tanzania, si ya Katiba), ambayo mwaka 2020 ilirekebishwa ikataka mleta shauri aoneshe kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Hilo lilikuwa pigo kwa waliotaka kumtetea jirani asiye na uwezo. Muulize wakili kifungu hicho kikoje siku unayofungua shauri, na ununue Sura ya 3 pamoja na Katiba: ukiwa na moja bila nyingine, utajua haki yako ila hutajua dirisha la kupeleka karatasi.